Zamu yangu ya Jumanne: bustani ya mboga ya mtaani ilivyonitoa kwenye sonona na upweke

Mchicha Pori (mwanzisha uzi):

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nasoma humu miaka mingi bila kuandika. Leo naandika kwa sababu juzi kuna mtu alisema anaishi nyumba ya wapangaji saba na bado siku tatu zinapita hajazungumza na mtu zaidi ya "za asubuhi". Wengi walimjibu aombe sana, atafute mchumba, aende jimu. Usiku ule sikulala vizuri, maana mimi nilikuwa mtu yule yule.

Nilihamia Morogoro mwaka 2021, mume alipata uhamisho wa kikazi. Tanga niliacha dada zangu, niliacha meza yangu ya vitenge, niliacha majirani walionijua tangu nabebwa mgongoni. Miezi minne baadaye mama akafariki. Nikaenda kuzika, nikarudi. Huku hakuna aliyemjua mama. Sikuwa na mtu wa kusema naye "unakumbuka alivyokuwa akicheka?" Mume anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi giza limeingia. Tulipanga nyumba yenye ukuta na geti, na mwanzoni nilijisifia kwa dada zangu kwamba nina geti.

Ilianza kama uchovu. Nikawa naamka saa tisa usiku, usingizi haurudi mpaka adhana. Chakula hakina ladha. Vyombo vinakaa siku mbili karoni navitazama tu. Ndugu wakipiga simu nasema alhamdulillah tuko salama, nikikata naketi pale pale saa nzima. Nilikonda mpaka wifi yangu akaniuliza kwa aibu kama nimepima. Nilipima, sina kitu. Hospitali niliyokwenda niliandikiwa vitamini nikaambiwa nipunguze mawazo. Nikarudi na vitamini zangu, na mawazo yangu yote.

Sasa kuna bibi mmoja wa mtaani kwetu, Mluguru. Alikuja getini kuomba maji ya bomba kwa ajili ya mboga, kisima chao kilikuwa kimekauka. Nikampa. Kesho yake akaniletea matembele. Mara ya tatu akasema: "Mwanangu, hizi ndoo zinanivunja mgongo, hebu nishikie moja." Nikashika moja. Hakuniuliza naumwa nini, na hakunipa ushauri wowote. Alitaka mtu wa kubeba ndoo.

Kufika shambani nikakuta akina mama wanane na mzee mmoja mgane. Kiwanja ni cha mtu ambaye hajajenga, amewaruhusu walime mpaka atakapoanza msingi. Haifiki hata nusu ekari. Kila mtu ana matuta yake mawili, halafu kuna matuta ya wote, mauzo yake yanaingia kwenye kibubu cha misiba na wagonjwa. Mchicha, chainizi, figiri, mnafu, ngogwe, bamia pembeni. Nikapewa matuta mawili ya mama aliyehamia Dodoma, na nikapangiwa zamu ya kumwagilia ya Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Wiki ya tano niliamka Jumanne nikiwa vibaya sana, nikajifunika shuka. Saa nne nasikia geti linagongwa. Wako watatu. Hawakuja kunipa pole. Walikuja wamekasirika: "Chainizi zimelala chini zote, jua hili! Uko wapi wewe?" Nililia pale getini mpaka wakashangaa. Kwa mwaka mzima watu walikuwa wakiniuliza hali yangu, lakini nisipotokea mahali hakuna kilichoharibika. Siku ile nisipotokea mimi, kuna kitu kilinyauka. Nikavaa kandambili nikaenda nikamwagilia nikiwa bado nalia, na bibi akaendelea kunielekeza: "Mimina shinani, usimimine kwenye majani."

Ndiyo maana watu wakisema "udongo unatuliza" nakubali, lakini mwilini mwangu naona kilichonivuta kitandani ni ile zamu.

Jambo la pili ni mazungumzo. Mtu akikaa mbele yako kwenye kochi, akakukazia macho, akasema "niambie unajisikiaje," ulimi unakauka. Kwenye palizi mmechuchumaa tuta moja, kila mtu macho yako kwenye magugu yake. Unaweza kusema neno moja, ukanyamaza robo saa, ukasema la pili, na hakuna anayeona umekatiza. Habari za mama nilizisema hivyo, kidogo kidogo, tuta baada ya tuta. Yule mzee mgane naye siku moja akasema, bila kuinua kichwa, kwamba tangu mkewe afariki bado anapika ugali wa watu wawili. Hakuna aliyemjibu kitu. Mama mmoja akasogeza keni yake ya maji karibu naye, wakaendelea.

Tatu, mbegu ina tarehe. Mwenye sonona kesho haioni kabisa. Lakini mchicha ukiumwaga leo, siku ya nne au ya tano unachungulia, wiki ya tatu mpaka ya nne unang'oa. Nikawa nahesabu siku tena.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilistawi. Msimu wa kwanza kanitangaze, yule mdudu wa nyanya, aliingia kwenye nyanya za wote, tuta zima likaungua majani kama limepigwa moto. Nilikuwa na imani, isemeni mtakavyo, kwamba kila ninachokishika kinakufa. Nikasubiri waseme ni mimi. Wakang'oa, wakachoma moto, wakapanda bamia.

Na dawa nilitumia. Mama mmoja pale shambani, tukifunga mafungu ya kupeleka sokoni, alitaja tu kwamba anameza dawa za sonona mwaka wa pili na akaniambia kliniki gani anahudhuria. Nisingeambiwa na mwanamke mwenye udongo kwenye kucha kama mimi, nisingekwenda. Nilitumia miezi tisa, nikapunguziwa na daktari taratibu mpaka nikaacha.

Nataka kusikia kwa wengine. Kuna aliyepitia hivi?

---

Mjukuu wa Tumbaku:

Dada, pole na hongera. Lakini naomba nipinge kidogo. Baba yangu amelima tumbaku Urambo miaka thelathini. Sijawahi kuona jembe likimtuliza. Nimeona deni la pembejeo, mvua iliyogoma, malipo yanayochelewa, na mzee anayekaa kimya uani mpaka usiku wa manane. Vijijini wako wakulima waliokata tamaa kabisa, na wanashika udongo kila siku. Tusiwaambie watu wa mjini kwamba kilimo ni dawa wakati waliozaliwa ndani yake wanakikimbia.

---

Mchicha Pori:

Kaka, uko sahihi na nimeipokea. Mzee wako alilima huku deni limemkalia kichwani, na tumbaku hailiwi. Sisi tuta likifa tumepoteza mbegu ya elfu mbili na jasho, hakuna anayekuja kuchukua bati la nyumba. Tena kwenye hasara ya mzee, naamini alikuwa peke yake. Hilo ndilo ninalolisema kuhusu kulima na wengine. Mfikishie salamu zangu kama bado yupo.

---

Mjukuu wa Tumbaku:

Yupo. Nitamfikishia. Na ni kweli, hakuwahi kumwambia mtu kiasi cha lile deni. Tulikuja kukiona kwenye karatasi.

---

Muuguzi wa Usiku:

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mwaka wa kumi na nne kazini. Uzi huu nimeusoma mara mbili.

Kwanza kwa wasiojua: sonona si huzuni ya siku mbili. Tunaanza kuifikiria pale hali ya moyo kuwa mzito au kutofurahia chochote inapodumu karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, uchovu, kujilaumu, kushindwa kutulia kwenye jambo, na kwa wengine mawazo ya kufa. Mwanzisha uzi ameeleza karibu zote. Vitamini haikuwa jibu.

Pili, wazo hili si geni kwetu. Lutindi, milimani Usambara, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Walutheri ipo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na wagonjwa wamekuwa wakifanya kazi kwenye chai na bustani kama sehemu ya matibabu. Dodoma tuna hospitali ya Mirembe, iliyoanza mwaka 1927, na baada ya uhuru nchi hii iliwahi kuwa na vijiji vya kilimo ambako waliopata nafuu waliishi na kulima kabla ya kurudi kwao. Nigeria, Profesa Thomas Adeoye Lambo alianzisha mpango wa vijiji vya Aro mwaka 1954: wagonjwa walikaa kwenye vijiji vya jirani na ndugu zao, wakatibiwa huku wakishiriki maisha na kazi za wanakijiji. Waliona mapema kwamba mtu aliyefungiwa peke yake hapati nafuu haraka.

Lakini niseme na upande mwingine kwa uchungu: kuna mahali duniani "tiba ya kazi" iligeuka kuwa kuwalimisha wagonjwa bila malipo na bila hiari. Mgonjwa asipoweza kusema "leo siwezi", hapo tumetoka kwenye tiba.

Utafiti upo pia. Marekani, mjini Denver na jirani yake Aurora, Profesa Jill Litt na wenzake waliwachukua watu 291 ambao hawakuwa wamelima kwa miaka miwili. Kwa bahati nasibu nusu wakapewa nafasi kwenye bustani za jamii, nusu wakaambiwa wasubiri mwaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Waliolima walikula nyuzinyuzi zaidi, walitembeza miili zaidi, na msongo na wasiwasi vilipungua, hasa kwa walioanza wakiwa na hali mbaya zaidi. Si muujiza, ni nafuu ya kiasi. Ila naona fahari kwamba mtu alipima kitu ambacho bibi wa Morogoro anakijua.

Na upweke wenyewe ni suala la afya. Shirika la Afya Duniani lilisema Juni 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na kwamba unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka.

Mwisho, tafadhalini: msimwambie mtu aache dawa eti akalime. Dada ametumia vyote viwili.

---

Gunia la Kibera:

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu Kibera shamba halipo, kati ya nyumba na nyumba mtu anapita ubavu. Sisi hulima kwa gunia.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mapema 2008, reli iling'olewa, soko likachomwa, bei ya mboga ikapanda hadi mtu anakula ugali na chumvi. Ndipo kilimo cha magunia kikashika sana, mashirika yakaleta miche. Tulichoona sisi ni kitu kingine. Kwa ploti yetu kulikuwa na makabila manne na hatukuwa tunasalimiana. Mtoto akipita mlango wa jirani anaitwa arudi. Magunia yaliwekwa kando ya choo kwa sababu hapo ndipo jua lilikuwa linafika. Sasa utamwagiliaje lako uache la jirani linanyauka na mnashikana mabega? Mama Mluo wa nyumba ya tatu alianza kumwagilia la mama Mkikuyu akiwa ameenda kazi ya kufua. Hakuna aliyeambiwa asamehe. Walianza na sukuma wiki.

Kwa wale hawana shamba, tunafanya hivi: tafuta gunia la kilo tisini. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa kitako, usimamishe katikati, uujaze kokoto. Zungushia udongo uliochanganywa na mbolea ya mbuzi. Vuta mkebe juu, jaza tena, hadi gunia lijae. Zile kokoto za katikati ndizo njia ya maji, bila hizo chini kutakauka na juu kutaoza. Toboa mashimo kwa pande, panda sukuma na spinachi hapo, na juu weka kitunguu au dania. Maji ya kuoshea mboga yanatosha, ya sabuni nyingi usitie.

---

Fundi Geti:

Swali: sisi tulikuwa na kikundi kama hicho, kikavunjika kwa ajili ya pesa. Mweka hazina alisema ameibiwa. Baada ya hapo nikawa mpweke kuliko mwanzo, maana nilipoteza na marafiki. Nyinyi mnafanyaje?

---

Mchicha Pori:

Pole sana Fundi, kuumizwa na watu uliowaamini kunarudisha mtu nyuma kabisa. Sisi kibubu kina kufuli mbili, kinakaa kwa mmoja, funguo ziko kwa wengine wawili. Tunafungua mbele ya wote mwisho wa mwezi. Pesa zenyewe ni ndogo kwa makusudi. Bibi alikataa tusiwe kama VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, akasema mkopo ukiingia shambani urafiki unatoka. Tumewahi kugombana, sana tu, mara moja kuhusu maji na mara moja kuhusu mtu aliyepuliza sumu bila kuwaambia wenzake waliokuwa wamekaribia kuvuna. Hiyo ya sumu ilikuwa kubwa. Alikuja akaomba radhi, na sasa anayetaka kupuliza chochote lazima atangaze kwanza.

---

Mtoto wa Uvira:

Jambo wote. Niko Kansas City, Marekani. Nimetoka Uvira, Kongo, nikaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, tukaletwa huku 2016.

Dada, mambo ya geti nimeyaelewa kabisa. Huku ni geti bila ukuta. Mama yangu mdogo alifika na miaka 61, Kiingereza hajui hata neno. Sisi wote tunaenda kiwanda cha nyama, yeye anabaki apatimenti. Alikuwa anakaa dirishani toka asubuhi. Mambo ya kambi yalikuwa mabaya, njaa ilikuwa, lakini kule mtu hakai peke yake hata akitaka. Huku akaacha kula. Akaacha hata kuimba, na huyu alikuwa mwimbaji wa kwaya.

Hapa kuna mpango unaitwa New Roots for Refugees, ulianza 2008, shamba lao liko Juniper Gardens. Familia inapewa robo ekari, inafundishwa miaka minne, inauza sokoni Jumamosi. Mama mdogo hakuchukua robo ekari, nguvu hana. Alienda kusaidia mama mmoja Mrundi. Siku ya kwanza aliona lengalenga inaota pembeni ya shamba, Wamarekani wanaing'oa wanaitupa kama magugu! Akapiga kelele. Akaijaza kwa kitambaa chake akaja kutupikia. Ndiyo siku alikula.

Sasa shida ni baridi. Mwezi wa kumi jalidi inaua kila kitu, shamba linafungwa mpaka mwezi wa tatu, na mama mdogo anarudi dirishani. Mwaka wa kwanza tuliogopa sana. Mwaka wa pili wale mamaa wakaamua wakutane kila Alhamisi kwa nyumba ya mmoja, wanapanga mbegu, wanakausha maharage, wanabishana nani alipanda vibaya. Udongo hakuna lakini kikundi kipo. Kwa hiyo kwa wale wanaanza: mujue mapema mutafanya nini wakati hakuna mvua.

---

Muuguzi wa Usiku:

Mtoto wa Uvira, umenikumbusha Zimbabwe. Profesa Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, wakikaa kwenye benchi na watu wenye "kufungisisa", yaani mawazo yanayozunguka kichwani bila kutoka. Wenyewe waliona benchi haitoshi. Mtu akimaliza vikao anaunganishwa na kikundi cha waliopita pale, na wakikutana wanafuma mikoba. Mikono ina kazi, mdomo unafunguka. Ni kama zile Alhamisi za mama yako mdogo.

---

Dada Mkubwa Mbeya:

Samahani naingilia. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Alimaliza chuo, ajira hakuna, na mchumba ameolewa. Huu ni mwezi wa tatu mfululizo hatoki chumbani. Nikimwambia aje bustanini nyuma ya nyumba anageukia ukutani. Nimlazimishe?

---

Mchicha Pori:

Usimlazimishe, mama. Na usimwambie "itakusaidia". Mimi ningeambiwa hivyo nisingekwenda, ningejiona mzigo wa kutafutiwa dawa. Mwombe kitu kimoja kidogo ambacho kweli unakihitaji. Kushika ncha ya kamba, kufungua koki. Akikataa, acha, kesho omba kingine.

---

Muuguzi wa Usiku:

Dada Mkubwa, miezi mitatu ni mingi. Nenda naye hospitali ya mkoa au ya rufaa, ulizia huduma ya afya ya akili, wiki hii. Na muulize waziwazi, kwa upole, kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asibaki peke yake hata usiku, ondoeni sumu za mimea na vitu vya hatari nyumbani, na mwende siku hiyo hiyo. Hayo kwanza, bustani baadaye.

---

Dada Mkubwa Mbeya (siku kumi na tisa baadaye):

Nimerudi kuwapa mrejesho, wengi mmeniandikia inboksi.

Tulikwenda. Nilimuuliza lile swali njiani na alisema ndiyo, amewahi kuwaza. Nashukuru niliuliza. Amepewa dawa na tarehe ya kurudi, na sasa analala chumba kimoja na kaka yetu.

Bustanini hajaenda. Ila nilipanda chainizi kwenye ndoo nne mbovu, nikaziweka chini ya dirisha lake kwa sababu ndipo penye jua. Jana mbuzi wa jirani aliingia. Nikiwa jikoni nasikia mtu anafoka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Machi, natoka nakuta yuko nje peku, anamfukuza mbuzi.

---

Mchicha Pori:

Allahu Akbar. Zimebaki ngapi?

---

Dada Mkubwa Mbeya:

Ndoo moja na nusu. Amezizungushia miiba.